Namba Iliyozidi Uwezo wa Waya

Mwenye duka moja la kompyuta zilizotumika hapa Kampala aliniita nimtazamie mashine aliyotaka kuiuza kama seva. Ilikuwa na diski ya kuzunguka, ile ya mizunguko 7,200 kwa dakika. "Fundi, hii inakimbia," akasema, akanionyesha matokeo ya jaribio la kuandika kwa amri ya dd: gigabaiti 1.8 kwa sekunde.

Nilimwambia palepale kwamba haiwezekani. Waya wa SATA wenyewe, hata wa kizazi cha 3, haupitishi zaidi ya megabaiti 600 kwa sekunde. Data itafikaje kwenye diski kwa kasi inayoushinda waya unaoipeleka? Alichokuwa amepima ni RAM.

Linux haiachi RAM ikae bure. Programu ikiandika faili, data huwekwa kwanza kwenye kache ndani ya RAM, programu ikaambiwa "tayari", na diski ikaandikiwa baadaye. Ni kama mzigo unaoshushwa sokoni Kikuubo, hapa Kampala: karani anakugongea risiti magunia yakiwa bado mlangoni, wapagazi hawajayafikisha stoo. Andika free -h kabla na baada ya jaribio, utaona safu ya buff/cache ikivimba.

Tukarudia jaribio tukiongeza conv=fdatasync, ili dd isitoe hesabu mpaka data imefika kwenye diski. Kasi ikashuka hadi megabaiti mia na kitu. Hiyo ndiyo diski yake, na kwa umri wake si mbaya.

Kusoma nako kuna mtego. Faili uliyoiandika sasa hivi bado imo kwenye RAM, kwa hiyo ukiisoma, diski haiguswi. Anza na sync, kwa sababu data ambayo haijaandikwa haifutiki kwenye kache, kisha sudo sysctl vm.drop_caches=3. Wengi huandika sudo echo 3 > /proc/sys/vm/drop_caches wakakataliwa, wasijue kosa liko wapi: sudo inaipa mamlaka echo tu, ila faili inafunguliwa na sheli yako isiyo na ruhusa. Anayetumia fio, programu ya kupima diski, aweke direct=1, aikwepe kache kabisa.

Kuandika huku kunakocheleweshwa kuna uzito zaidi kwetu kwa sababu ya umeme. Kwa mipangilio ya kawaida, data iliyoandikwa inaweza kukaa kwenye RAM sekunde 30 au zaidi kabla ya kupelekwa kwenye diski. Umeme ukikatika katikati, na mashine haina UPS, data hiyo imepotea. Ndiyo maana hifadhidata ya PostgreSQL, kwa mipangilio yake ya kawaida, haikubali muamala mpaka diski ithibitishe kuandika. Hapo megabaiti hazikusaidii. Kinachohesabiwa ni mara ngapi diski inatoa uthibitisho kwa sekunde, na diski inayozunguka mara 120 kwa sekunde, ikithibitisha kwa uaminifu maandishi yanayokuja moja baada ya jingine, haiwezi kwenda mbali na idadi hiyo.

Basi ukienda kununua seva ya hesabu za duka, sacco au zahanati, mwombe muuzaji aendeshe amri hii mbele yako: dd if=/dev/zero of=jaribio bs=4k count=1000 oflag=dsync. Igawe 1,000 kwa sekunde zilizotumika. Jibu hilo ndilo la kulipia.