Je, Wajua? Maajabu ya Uvimbe

Je, wajua kuwa kile kinundu cha mbu hakukitengeneza mbu? Umekitengeneza wewe! Mate yake yakishaingia, mwili wako unamwaga histamini, vimishipa vinavujisha maji, na ngozi inainuka. Tena aliyekuuma ni jike, maana dume hanywi damu kabisa.

Mrumi mmoja aitwaye Celsus aliorodhesha dalili nne za mwili unapojihami karibu miaka 2,000 iliyopita: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Ukiumwa na nyuki leo, hebu hesabu. Zote nne zipo!

Shika hii: uboho wako hutengeneza kila siku chembe nyeupe zipatazo bilioni 100 za aina moja tu, zile zinazotangulia kufika kwenye jeraha. Zikipigana na vijidudu na kufa, ndizo hizo unazoziita usaha.

Wajua nani aliziona chembe za namna hiyo kazini? Mwaka 1882, mjini Messina, Italia, mwanasayansi Metchnikoff alimchoma mwiba wa waridi mtoto mchanga wa kiti cha pweza, angavu kama kioo. Kulipokucha, chembe zilikuwa zimeuzingira mwiba pande zote! Mwaka 1908 akapata Tuzo ya Nobel.

Umeteguka kifundo cha mguu? Daktari Gabe Mirkin wa Marekani ndiye aliyeieneza mwaka 1978 kanuni ya kupumzika, kuweka barafu, kufunga bandeji na kuinua mguu. Mwaka 2014, yeye mwenyewe akaandika kuwa barafu huenda ikachelewesha kupona! Maumivu inatuliza kweli, lakini ifunge kwa kitambaa, dakika 10 hadi 20 zinatosha. Ikigusa ngozi tupu, barafu inaunguza. Na wale wanaokimbilia kuukanda mguu kwa maji ya moto siku ileile? Wanauongezea uvimbe.

Unapouinua mguu, je, unaupandisha juu ya usawa wa moyo? Kigoda kifupi hakisaidii sana, lala kabisa uweke mito. Kila siku lita kama 3 za maji hutoka kwenye vimishipa vya damu na kurudi kwa njia ya limfu, na njia hiyo haina moyo wake! Kutembea na kuchezesha nyayo husaidia sana kuyasukuma. Lakini sikia: kigimbi kimoja kikivimba, kikauma na kupata joto baada ya safari ndefu, usikikande hata kidogo. Damu huenda imeganda ndani, kimbilia hospitali.

Manjano jikoni kwako ina kiini kiitwacho kukumini, kinachosifiwa kutuliza uvimbe, ila ukikila peke yake kinaingia kidogo mno kwenye damu. Watafiti wa Bangalore, India, walikichanganya na kiini cha pilipili manga mwaka 1998. Kiasi kilichoingia kikapanda mara 20!

Aspirini ilitengenezwa safi mwaka 1897. Wajua lini ilijulikana inavyotuliza uvimbe? Mwaka 1971! Ilipita miaka 74 kabla mwanasayansi John Vane hajafumbua fumbo. Ila mtoto usimpe kamwe bila daktari, inaweza kumletea ugonjwa hatari wa ubongo na ini.

Sasa sogea karibu, hili linatuhusu sana watu wa pwani. Minyoo ya matende hukaa kwenye njia za limfu miaka 6 hadi 8, ikizaa watoto kwa mamilioni. Watoto hao hujitokeza kwenye damu usiku, saa ambazo mbu wanauma! Ndiyo maana wapimaji walikuwa wakigonga milango ya watu usiku wa manane kuchukua damu. Na mguu ukishavimba, wajua dawa kubwa ya nyumbani? Maji na sabuni. Kuuosha kila siku, kuukausha vizuri hadi katikati ya vidole na kuuinua hupunguza sana mashambulizi ya homa na maumivu. Togo iliutokomeza ugonjwa huu kama tatizo la afya ya umma mwaka 2017, Malawi ikafuata 2020. Inawezekana!

Tena kuna mguu unaovimba hivyohivyo bila mbu wala mnyoo. Udongo mwekundu wa volkano, huko Ethiopia, Rwanda na magharibi mwa Kenya, hupenya nyayo za anayelima pekupeku miaka mingi. Kinga yake? Viatu!