Utoaji wa Insulini katika Visiwa vya Langerhans: Jumla na Mwenendo
Glukosi inapovunjwa ndani ya seli beta za kongosho huzalisha ATP. ATP hufunga mifereji ya potasiamu, kalsiamu huingia, na vifuko vya insulini humwaga homoni hiyo nje ya seli. Katika maabara, visiwa vya Langerhans vilivyolowekwa kwa saa moja katika kimiminika chenye glukosi huonyesha jumla tu ya insulini iliyotolewa. Kimiminika kikipitishwa juu yake mfululizo na sampuli kuchukuliwa kila dakika chache, hudhihirika awamu mbili: mmiminiko mkali wa takribani dakika 10, kisha utoaji wa polepole unaodumu maadamu glukosi ingali juu. Kwa kuwa awamu ya kwanza hudhoofika mapema katika kisukari cha aina ya pili, kipimo cha jumla pekee chaweza kuuficha udhaifu huo.