Uzeeni: kubaki Uingereza au kurejea nyumbani?

Wahenga wa pwani walisema mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Kwa watu wa Afrika Mashariki waliofanya kazi Uingereza kwa miaka mingi, methali hiyo husikika upya umri wa kustaafu unapokaribia.

Sababu za moyo zinaeleweka. Nyumbani mzee ana nafasi yake: huombwa shauri posa inapoletwa, hupishwa kiti barazani, na jirani humjulia hali kila asubuhi. Ughaibuni anaweza kupitisha siku nzima pasipo kuamkiwa na mtu.

Lakini uamuzi huo una upande wa fedha, nao ni vyema ueleweke kabla ya tiketi kukatwa.

Pensheni ya serikali ya Uingereza hutegemea rekodi ya michango ya bima ya taifa. Chini ya utaratibu ulioanza Aprili 2016, mtu huhitaji angalau miaka 10 inayohesabiwa ili apate chochote, na kwa kawaida miaka 35 ili apate kiwango kamili.

Pensheni hiyo humfuata mstaafu nchi za nje, ila haiongezeki kila mahali. Ndani ya Uingereza hupandishwa kila Aprili. Kwa anayeishi Kenya, Tanzania au Uganda, hubaki pale pale, kwani hakuna mkataba unaohusu nyongeza hiyo.

Mwaka 2016 kiwango kamili kilikuwa paundi 155.65 kwa wiki. Aprili 2025 kilifikia paundi 230.25. Aliyehamia Mombasa mwaka 2016 akilipwa kiwango hicho cha kwanza angali analipwa kile kile, ilhali bei za sokoni hazikumsubiri. Kama angehamia Marekani, angepata nyongeza.

Wastaafu 13 walioishi nje ya Uingereza walipinga utaratibu huo katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Mwaka 2010 walishindwa. Hivyo mabadiliko yamebaki mikononi mwa wanasiasa.

Hapo ndipo kura inapokuwa na uzito. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wanaoishi Uingereza kihalali wanaruhusiwa kujiandikisha na kupiga kura katika uchaguzi wa bunge, hata wasipokuwa na pasipoti ya Uingereza. Wakihama, haki hiyo huisha. Raia wa Uingereza wanaoishi nje, kwa upande wao, waliondolewa ukomo wa miaka 15 mnamo Januari 2024.

Yapo mengine mawili ya kuzingatia. Matibabu ya bure ya NHS hutolewa kwa msingi wa kuishi nchini. Aliyehama moja kwa moja hawezi kuyadai kwa hoja kwamba alichangia. Na mwenye kibali cha ukaazi wa kudumu kwa kawaida hukipoteza akikaa nje zaidi ya miaka miwili mfululizo.

Anayerejea kuishi Uingereza hupandishiwa pensheni hadi kiwango cha wakati huo. Lakini ili arejee, lazima awe na ruhusa ya kuingia. Kwa hiyo mwenye nia ya kwenda kuzeekea kwao hana budi kuomba makadirio ya pensheni yake mapema, kuuliza kama miaka iliyopungua inaweza kulipiwa, na kuihesabu bajeti yake kwa kiwango kisichopanda.