Mshiko wa benki upo, wewe una dili gani?

SIKU hizi hapa mji kasoro bahari, ukikaa kijiweni dakika kumi hukosi kumsikia kijana akijitapa kuwa ana programu yake ya simu. Huyu anataka kuunganisha bodaboda, yule anataka kukopesha watu. Wote kilio chao kimoja: mshiko. Mimi nawauliza swali ambalo wengi hulikimbia: dili lako linamsaidia nani?

Maana mshiko, jamani, upo. Mwaka 2023 CRDB Bank Foundation ilizindua programu ya Imbeju, ikishirikiana na COSTECH pamoja na Tume ya TEHAMA, kuwapa vijana wabunifu na akina mama mafunzo na mtaji wezeshi.

Msidhani mabenki yameingiwa na huruma ghafla. Yalishaona cha moto! M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na kuingia kwetu 2008, watu wasiowahi kukanyaga benki wakawa wanatumiana pesa kiulaini. Mabenki yakakodoa macho, mwisho yakaona heri kuungana nao. Commercial Bank of Africa ikaingia na Safaricom kwenye M-Shwari mwaka 2012, na 2014 ikaja M-Pawa yetu na Vodacom.

Tena M-Pesa yenyewe haikubuniwa kwa kazi hiyo. Kwenye majaribio ya mwaka 2005 ilikuwa ya kurudishia mikopo midogo. Wateja wakajiamulia kutumiana pesa. Wenye mradi wakausoma mchezo, wakabadili gia. Walimsikiliza mteja, basi.

MTEJA YUKO MLIMANI

Sasa nenda Soko Kuu la Chifu Kingalu asubuhi. Mizigo inashuka kutoka Uluguru: ndizi za Kinole, mboga za Mgeta, viungo vya Matombo. Mama anamwachia mchuuzi mzigo, anaambiwa "nitakurushia jioni." Jioni inageuka keshokutwa. Hesabu zote ziko kichwani mwake. Akienda kuomba mkopo hana cha kuonyesha kwamba anauza kila wiki, mwaka mzima. Anaishia kwa kausha damu.

Hapo ndipo lilipo dili, washikaji! Anayeweza kumwekea mama huyo kumbukumbu ya mauzo, kwa kubonyeza nyota na reli hata kwenye simu ya kitochi, ana kitu cha kuipelekea benki. Benki inataka kumkopesha mama, ila haimjui. Wewe ndiye utakayewajulisha.

Ila kama wazo lako ni kumkopesha mtu usiku, kisha akichelewa kulipa unawatumia ndugu zake meseji za kumwaibisha, achana nalo. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja programu na majukwaa 69 ya mikopo yanayofanya kazi bila leseni. Hiyo siyo teknolojia, ni kausha damu aliyevaa suti.

Na ukishaitwa mezani, usichekeane tu na wenye tai. Uliza: hii pesa ni ruzuku, mkopo au ya hisa? Ruzuku huirudishi, lakini ina masharti yake. Mkopo utaulipa hata biashara ikidoda. Hisa ni kumkatia mwenzako kipande cha shamba, na kila mavuno atataka fungu lake. Waluguru wanaelewa vizuri: shamba ni la ukoo wa mama, haligawiwi ovyo kwa mpita njia. Na kampuni yako iwe hivyo hivyo. Mkataba usioelewa, mpe anayejua sheria ausome kabla hujatia saini. Mzumbe wapo tele.

Kwa hiyo, kabla ya kukimbilia Dar na treni ya umeme kutafuta wafadhili, panda kwanza gari la Mgeta. Kaa na akina mama wa karoti, uliza wanalipwaje, wanadaiwa na nani, nini kinawakosesha usingizi. Ukirudi na majibu hayo, utakuwa na la kuieleza benki.

Haya, tukutane wiki ijayo.