Miche ya bei poa, hasara ya miaka: vitalu vya Pangani vyahitaji macho ya mkaguzi

Mnunuzi wa shamba wilayani Pangani hupiga hesabu ya bei ya ekari, gharama za kufyeka na ujira wa vibarua. Miche huwekwa mwisho wa orodha, na mara nyingi huulizwa swali moja tu: bei gani? Hapo ndipo mtaji mwingi hupotea, ingawa hasara yenyewe hujitokeza baada ya miaka kadhaa, muuza miche akiwa ameshahamia soko jingine.

Pangani yenyewe inajua uzito wa shehena ndogo ya miche. Mwaka 1893 mtaalamu wa Kijerumani, Dk. Richard Hindorf, alipokea miche ya mkonge aliyoiagiza Florida, Marekani, na ambayo ilipitia Hamburg. Iliagizwa 1,000, iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe, ng'ambo ya mto. Kutokana na hiyo 62 Tanganyika ilikuja kuongoza dunia kwa mkonge. Lakini mkonge haupandwi kwa mbegu. Kila mche ni nakala ya mama yake. Kama shehena ile ingekuwa na ugonjwa wa kurithishwa kwa miche, nao ungezalishwa shamba hadi shamba kwa kasi ile ile.

Upande wa minazi mambo hayakwenda vizuri hivyo. Mradi wa Taifa wa Kuendeleza Minazi, ulioanza mwaka 1979 kwa msaada wa Ujerumani, ulijaribu aina fupi na chotara kutoka nje. Nyingi ziliteketea kwa ugonjwa wa kunyong'onyea. Vidaka huanguka, karara hufunguka na maua meusi, makuti hugeuka manjano, kisha kilele hudondoka na kubaki nguzo tupu. Yote hayo ndani ya miezi michache. Minazi mifupi ya Malaysia, iliyokuwa imesifiwa Jamaica kwa kustahimili ugonjwa wa jamii hiyo, haikusalimika katika pwani ya Tanzania. Mwekezaji anayeuziwa "mbegu ya kisasa kutoka nje" akumbuke kisa hicho kabla ya kufungua pochi, maana mnazi mrefu wa kienyeji huchukua takriban miaka sita au saba kuzaa, na muda wote huo mwenye shamba anatoa fedha bila kuingiza.

Muhogo ni mtego mbaya zaidi, kwa kuwa unadanganya macho. Ugonjwa wa michirizi kahawia ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1936 na H. H. Storey wa kituo cha Amani, katika milima ya Usambara, si mbali na hapa. Shina linaweza kuonekana zuri kabisa huku mizizi ikioza chini ya ardhi. Mfanyabiashara wa vipando akipakia mzigo wa mashina hayo kwenye lori, amesafirisha ugonjwa kwa kilometa mia kadhaa kwa siku moja, kazi ambayo nzi weupe wasingeiweza kwa msimu mzima.

Kuna tishio jipya kwa machungwa, zao linalotegemewa na jirani zetu wa Muheza. Ugonjwa unaofanya majani yawe na mabaka ya manjano na matunda yabaki madogo, machungu, husambazwa na vikonyo vya kubebeshea pamoja na wadudu wadogo wafyonza majani. Mdudu wa Kiafrika hupenda baridi ya milimani, hivyo ukanda wa joto ulikuwa na nafuu. Lakini mwaka 2016 watafiti walitangaza kumpata mkoani Morogoro mdudu wa Kiasia, ambaye joto halimsumbui. Mkulima anayeona manjano hayo kwa kawaida hudhani ni upungufu wa mbolea, akaongeza gharama juu ya mti usio na mustakabali.

Sheria ipo. Ile ya mwaka 1997 ya hifadhi ya mimea ilifuatiwa na Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020, iliyoanzisha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, yenye makao Arusha. Anayeagiza miche nje hutafuta kwanza kibali cha kuingiza. Nchi inakotoka hukagua na kutoa cheti cha usafi wa mimea. Kisha mkaguzi wa bandarini au mpakani, kama Horohoro, huamua iingie, iwekwe karantini, irudishwe au iteketezwe. Wengi huuita mlolongo huo usumbufu, na pale mzigo unapocheleweshwa juani hadi miche ikanyauka, lawama zao si za bure. Tatizo ni kwamba wanaokwepa hupitia bandari bubu, ambazo pwani ya Tanga haikosi.

Kwa mnunuzi wa ndani, la kwanza ni kujua kitalu kimekaguliwa na nani na miti mama iko wapi. Auone udongo wa viriba pia, kwani minyoo fundo husafiri humo bila nauli. Risiti yenye jina la kitalu na tarehe itunzwe. Bila hiyo hakuna wa kumdai.

Wenye kupeleka miche Unguja kwa jahazi wazingatie kuwa Zanzibar ina sheria na wakaguzi wake wenyewe. Karatasi ziulizwe upande huo kabla ya kupakia, si baada ya nanga kushuka.