Mguu Ulipokwama Mlangoni mwa Msikiti

Ami yangu alisomesha chuoni, hapa Mji wa Kale wa Mombasa, kwa zaidi ya miaka thelathini, na wengi waliopita mikononi mwake leo wana wajukuu. Kwa hivyo siku aliposimama mlangoni mwa msikiti, viatu mkononi, asiweze kuingia wala kurudi, watu nyuma yake walinong'ona. Wengine walisema ni uzee. Wengine, Mungu awasamehe, walisema ana shetani.

Mara bakora ikamponyoka, ikaanguka mbele ya nyayo zake. Ami akaivuka, na baada ya hapo akenda kama mtu aliyefunguliwa kamba.

Daktari alipotwambia ni maradhi ya Parkinson, mimi nilibisha. Niliyajua maradhi hayo kwa mkono wa Muhammad Ali, uliotetemeka mbele ya ulimwengu alipowasha mwenge wa Olimpiki huko Atlanta mwaka wa 1996. Mkono wa ami ulitetemeka kidogo tu. Kilichobadilika ni hati yake: herufi za Kiarabu alizokuwa akiziandika kubwa zilianza kupungua, hata kufika mwisho wa mstari zimekuwa kama sisimizi.

Tena kulikuwa na kusahau. Alikuwa akianza Sura aliyoihifadhi tangu utotoni, akanyamaza katikati. Lakini, ndugu msomaji, liangalie jambo hili: mwanafunzi akimpa neno moja tu la aya inayofuata, ami huendelea mpaka mwisho bila ya kukosea. Sura ilikuwamo kifuani. Kilichomshinda ni kuianza, kama vile mguu ulivyoshindwa kuanza mlangoni.

James Parkinson, daktari wa London aliyeyaeleza maradhi haya mwaka wa 1817 kwa habari za watu sita, ambao baadhi yao aliwaona barabarani tu, aliandika kuwa akili ya mgonjwa haidhuriki. Hapo alikosea. Ndani ya ubongo mna chembe zinazotengeneza kitu kiitwacho dopamini. Zikifa, mwendo hukosa cha kuuamsha. Lakini dopamini hiyo hiyo hutumiwa pia katika kupanga fikra na kuyatafuta yaliyohifadhiwa. Ndiyo maana wengi wao hushindwa kukumbuka jambo wenyewe, ila wakidokezewa hulitambua. Si dopamini peke yake yenye lawama, na kwa sababu hiyo levodopa, dawa iliyoanza kutumika miaka ya 1960, huusaidia mwili kuliko inavyoisaidia kumbukumbu. Tena wale ambao taabu yao kubwa ni mwendo na kuyumba huelekea zaidi kupotewa na akili baadaye kuliko wale wa kutetemeka. Habari hii haikunipendeza.

Mimi nami nina kosa langu. Tukirudi kutoka sala ya Ijumaa, nilikuwa nikimjaribu kwa maswali njiani, nione kama akili yake ni nzima. Siku moja, karibu na Ngome, nilimtaka anitajie majina ya wajukuu zake kwa mpango. Akafikiri. Hatua zikawa fupi, fupi zaidi, kisha akaanguka kifudifudi. Daktari alinieleza kuwa mimi hutembea bila ya kufikiri, bali ami kila hatua huinunua kwa fikra, na fikra ile nilikuwa nimemnyang'anya. Nilikaa kimya.

Chuoni walitaka kumpumzisha. Tuliwaomba wasifanye hivyo, na sasa kijana mmoja mkubwa hukaa ubavuni pake, kazi yake kumpa neno la kwanza.

Nasi tukitembea hatusemezani. Mlangoni huilaza bakora, naye huvuka. Maswali yangu huyangojesha mpaka akae barazani, kahawa i mbele yake, na mwanzo wa jibu humtolea mimi.