Kidonge Kinavyohojiwa kwa Mwanga

Sogeeni, wajukuu zangu. Leo sina sungura wala fisi. Nina mzee mmoja aliyepima joto mahali palipoonekana hapana kitu, na nina kidonge cheupe.

Mzee aliitwa William Herschel. Alizaliwa Ujerumani, akahamia Uingereza akawa mpiga kinanda wa kanisa, na usiku badala ya kulala akitazama nyota. Mwaka 1781 akaigundua sayari ya Uranusi. Mwaka 1800 alikuwa akilichunguza jua kupitia vioo vya rangi, akaona jambo la ajabu: kioo kimoja kilipitisha joto jingi na mwanga kidogo, kingine kinyume chake. Je, kila rangi ina joto lake? Akapitisha mwanga wa jua katika mche wa kioo, ukachanuka mezani kuanzia zambarau hadi nyekundu, akawa anaweka kipimajoto rangi baada ya rangi. Kadiri alivyoelekea kwenye nyekundu, joto lilizidi. Akakisogeza nje kidogo ya nyekundu, mahali ambapo jicho halikuona rangi yoyote. Hapo ndipo kilipopanda kushinda kwenye rangi zote.

Mwanga huo usioonekana ndio infraredi. Ngozi zenu zinaujua tangu zamani: ndio unaowafikia mkikaa kando ya jiko la mkaa.

Sasa turudi kwa kidonge. Shida yake ni weupe. Dawa nyingi ni nyeupe, wanga mweupe, chokaa nyeupe, na mlaghai analijua hilo vizuri. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, huko Kusini-mashariki mwa Asia, watafiti walikuta vidonge bandia vya artesuneti, dawa ya malaria, ambavyo vingine havikuwa na artesuneti hata chembe. Ndani kulikuwa na wanga au chokaa, na vingine vilitiwa paracetamol. Hiyo ya paracetamol ndiyo inayonikera zaidi, maana homa inashuka, mama anashukuru Mungu, kumbe vimelea vinaendelea kuzaana katika damu ya mtoto.

Infraredi inaingiaje hapa? Kila molekuli ni atomi zilizoshikana, nazo hazitulii. Molekuli ya paracetamol ina atomi 20: kaboni 8, hidrojeni 9, nitrojeni 1 na oksijeni 2. Zinavutana na kuachiana bila kukoma, kila muungano kwa kasi yake. Pale kaboni moja iliposhikana na oksijeni, mtetemo ni wa mara trilioni 50 hivi kwa sekunde. Mnaijua bembea: ukiisukuma ovyo haiendi popote, ukiisukuma kwa mapigo yake hata kidole kinaipaisha. Mwanga nao ni mawimbi yanayosukuma. Infraredi yenye wimbi la urefu wa mikromita 6 hivi husukuma kwa mapigo yaleyale ya kaboni na oksijeni, basi molekuli huumeza mwanga huo. Mawimbi yasiyolingana na mtetemo wowote wa molekuli huachwa yapite. Ukichora mwanga gani umemezwa na gani umepona, unapata mstari wa mabonde na vilima, na mstari wa paracetamol haufanani na wa artesuneti wala wa wanga. Kazi hiyo huitwa spektroskopia.

Zamani infraredi ya kazi hii ilitoka kwenye kijiti kilichopashwa moto hadi kikang'aa, mawimbi ya kila urefu kwa pamoja, tena hafifu. Mwaka 1994, katika maabara za Bell nchini Marekani, Jérôme Faist, Federico Capasso na wenzao walitengeneza leza ya namna mpya, iliyojengwa kwa tabaka nyingi za semikondakta nyembamba mno. Unene wa tabaka ndio unaoamua urefu wa wimbi linalotoka. Siku hizi leza za ukoo huo hupitia wimbi moja baada ya jingine kwa haraka, na kipokezi kinapima kinachorudi kutoka kwenye unga. Hakuna kuyeyusha dawa, hakuna kemikali.

Kujua ni dawa gani ni kazi nyepesi. Kujua ni kiasi gani ndiko kunakotoa jasho. Pakiti imeandikwa miligramu 500, zimo kweli? Kanuni ya msingi inajulikana tangu 1852, kwa Mjerumani August Beer: molekuli zikiongezeka, mwanga unaomezwa huongezeka. Lakini kanuni hiyo inafaa vimiminika, ambamo mwanga hupita umenyooka. Unga ni mkorofi. Chembe zake hurusha mwanga huku na huko, kubwa kivyake na ndogo kivyake, na unyevu nao huongeza mabonde yake. Kwa hiyo mashine hufundishwa kwanza. Wataalamu hutengeneza sampuli zenye asilimia 80 ya kiasi kinachotakiwa, kisha 90, 100, 110 na 120, wakizipima kwa mizani, na kompyuta inajifunza jinsi mstari unavyobadilika. Dawa ambayo mashine haikufundishwa, haina la kusema juu yake.

Tena infraredi ya mikromita 6 haizami. Kidonge chenye ganda la sukari kitakusomea sukari, labda ukisage. Wengine hutumia leza ya infraredi iliyo jirani na nyekundu, nanomita 785, inayopenya hata plastiki ya pakiti. Hapo husomwa mwanga unaorudi ukiwa umebadilika kidogo, jambo lililogunduliwa na C. V. Raman wa India mwaka 1928. Wakaguzi wa NAFDAC, mamlaka ya dawa ya Nigeria, wamepewa vifaa vya mkononi vya namna hii. Lakini digoksini, dawa ya moyo yenye robo ya miligramu tu kwa kidonge, alama yake hufunikwa na vijazio vinavyoizunguka. Hiyo hupelekwa maabara kubwa, hakuna ujanja.

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, bidhaa 1 ya tiba kati ya 10 ni duni au bandia. Nyumbani hamna leza, lakini macho mnayo. Mkiona kidonge kinamomonyoka, kimebadilika rangi, au pakiti ina maandishi yenye makosa, mwambieni mkubwa akirudishe kwa mfamasia. Na pakiti msiitupe: ina namba ya toleo, ambayo mkaguzi ataitumia kuvitafuta vidonge vingine vya toleo hilo madukani.